Fundi Magodoro wa Idara

Karakanani,
4 Februari

Mpwa wangu Kimya,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia, nalo halijaulizwa. Mashine ya kushonea imepata mkanda mpya. Paka amezaa ndani ya gunia la sufi, kwa hiyo gunia hilo siligusi mpaka watoto wake wafumbue macho.

Umeondoka miezi minne sasa. Ulisema umepata kazi katika kampuni ya samani ng'ambo ya mto. Sikukuuliza ni kampuni gani inayomchukua mfanyakazi kwa gari lisilo na namba, wala kwa nini yule bwana mwenye kikohozi aliyekuja kukuajiri alikagua karakana yangu yote bila kukalia kiti hata kimoja. Mtu mzima haulizi lisilo na jibu. Nasema tu kwamba niliona.

Sasa la msingi. Mama yako alikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufunga. La kulia linafunga polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo, na daktari hakuficha: akibahatika litafika mwisho wa mwaka. Aliporudi aliketi kwenye kiti chako, akasema, "Kaka, mwambie mwanangu aje nimwone. Akichelewa nitamwona kwa masikio." Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Njoo.

Mjomba wako.

Bahasha yako iliyopita ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi nyingi mno. Anayeifanya kazi hiyo ajifunze kupaka kidogo.

*

Kibandani,
11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Lipe goti pole yangu, na watoto wa paka usiwagawe kabla sijawaona.

Kwa kuwa uliona, sitakuficha tena. Bwana Kikohozi ameniruhusu niandike, mradi nisitaje majina, maana barua zetu hupita kwake kwanza kwa mkono wa muuza nyuzi. Mimi ni jasusi wa Idara. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: najua kushona, na siongei. Nina kibanda cha kutengeneza magodoro na makochi mkabala na ofisi ya Kamati, yaani hao wanaopanga kutuletea vita. Kazi yangu ni kushona na kusikiliza.

Nilipopata habari ya Mama niliomba ruhusa. Bwana Kikohozi akanijibu, "Zuia njama moja tu, kisha urudi nyumbani." Basi nimezuia, Mjomba, ingawa sikukusudia.

Mtu wa Kamati aliniletea godoro. "Shona ukingo," akasema, "ndani usiguse." Nikalibonyeza. Lilikuwa na vinundu kila mahali. Unajua ulivyonilea. Ningewezaje kushona ukingo mzuri juu ya godoro la aibu? Nililifungua, nikakuta karatasi nene zenye michoro na mihuri. Nikasikitika kwamba mafundi wa siku hizi wanajaza takataka. Nilizitoa zote, nikawashia jiko la gundi, nikajaza sufi safi na kufunga.

Walilichukua wakamshukuru fundi. Wakalisafirisha siku tatu, watu wanne wakililinda kwa bastola, na walipolipasua mbele ya wakubwa wao wakakuta sufi. Kumbe zilikuwa ramani za kambi zetu zote, na nakala nyingine hawana.

Bwana Kikohozi alikuja kibandani akijifanya mnunuzi wa mito. "Umezichoma bila kuzisoma," akasema.

"Ndiyo."

"Ili usiweze kuzitoa hata ukiteswa." Akauweka mto chini. "Bwana mdogo, wewe ni mtu wa hatari."

Nikamkumbusha ahadi yake ya kunirudisha nyumbani. Akakohoa, akasema mtu kama mimi hang'olewi mahali alipo.

Mwambie Mama naendelea kuomba.

Mpwa wako.

*

Karakanani,
2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichukua wiki sita, na gundi bado ni nyingi. Watoto wa paka wamefumbua macho na sasa wananichezea nyuzi. Nimebakiza wawili.

Kuhusu godoro, ulifanya ipasavyo. Godoro ni sufi, uzi na kitambaa. Chochote kingine kilichomo ni takataka, hata kiwe na muhuri wa dhahabu. Nilikuambia hivyo ukiwa na miaka tisa, na ninafurahi kwamba angalau jambo hilo liliingia.

Yule bwana wako alifika hapa Jumatatu akiwa na saa ya ukutani, zawadi ya Idara kwa familia. Akaniuliza, "Mzee, huyu mpwa wako amekuwa na akili hizi tangu utotoni?"

Nikamjibu, "Hapana."

Akacheka na kuandika kitu katika daftari. Nadhani aliandika kwamba na mimi ni mjanja. Nikamwambia mama mtu anamngoja mwanawe. Akatazama saa aliyoileta mwenyewe, akasema amechelewa.

Mama yako hajambo. Barua yako nilimsomea mara tatu, kwa kuwa anapenda kusikiliza. Siku hizi hushona kwa kupapasa, anasema anajizoeza. Aliuliza kama umekonda. Nikamwambia barua haina picha.

Usiombe ruhusa. Idai.

Mjomba wako.

*

Kibandani,
20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama yu mzima. Mimi sijambo, ila kidole gumba cha kushoto nilikipiga nyundo. Kitapona.

Nilidai, kama ulivyoniagiza. Nikaambiwa nizuie njama ya pili. Nayo nimeizuia, na safari hii pia sijui nikuelezeje bila kuona haya.

Mkuu wa Kamati ni kanali mmoja mwenye mgongo mbovu, ndiyo maana mjini humwita Kanali Mgongo. Aliniagiza kochi na viti vya chumba cha mkutano. Nilivijaza kama ulivyonifundisha: springi zimefungwa kwa kamba mara nane, sufi iliyochambuliwa kwa mkono, kitambaa kimevutwa kikavutika. Tarehe moja mwezi huu walikusanyika humo baada ya kula chakula cha mchana. Simu ingelia saa nane kamili, nao wangetoa amri ya kuteka kituo chetu cha redio.

Mimi nilikuwa dirishani, misumari mdomoni, nikitengeneza pazia. Saa saba u nusu wote tisa walikuwa wanakoroma. Kanali ndiye aliyetangulia. Simu ililia mara arobaini na moja. Nilihesabu. Mmoja tu aligeuka, akavuta mto mdogo akaufunika sikio.

Nimepewa nishani. Imeshonewa ndani ya bitana ya koti, mahali ambapo hata mimi siioni. Nilipotaja nyumbani, Bwana Kikohozi akaniambia, "Nikutoe nguzo, paa nilishike na nini?" Pasipoti yangu iko katika sanduku lake la chuma.

Mjomba, kila ninapofanya kazi yangu vizuri, nyumbani panakwenda mbali.

Nimemtumia Mama godoro dogo kwa lori la mtu anayeniuzia sufi. Nimelishona mwenyewe. Ukiona lina kasoro, wewe unajua la kufanya.

Mpwa wako.

*

Karakanani,
30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imepiga bati la nyuma likalegea, nimelipigilia. Goti haliwezi ngazi tena, lakini lilipanda.

Godoro lilifika tarehe 12. Nina maneno nalo, na huenda yakakuuma.

Nilimtandikia mama yako mchana huohuo. Alipitisha vidole ukingoni kote, taratibu, kama mtu anayesoma. Akasema, "Gumba lake la kushoto linauma. Kila mshono wa nne unapinda." Hilo wewe ulikuwa umeniandikia, lakini mimi nilikuwa sijamsomea bado. Kisha akajilaza. Akasema, "Kaka, linaongea."

Nikamwambia linaongea kwa sababu limejaa karatasi. Nilikuwa nimekwisha kulibonyeza. Kinundu katikati, kinundu miguuni, kingine kichwani. Akaniomba: "Liache hivyo hivyo. Lina sauti." Sikumsikiliza. Siwezi kumlaza dada yangu juu ya aibu ya mpwa wangu.

Nililifungua nikatoa karatasi zote. Nadhani mwandiko ulikuwa wako. Sikuzisoma, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa ndani na takataka haisomwi. Niliwashia jiko la gundi, nikajaza sufi upya. Sasa godoro ni laini na limenyamaza. Mama yako hulalia mkeka.

Umekuwa jasusi, sawa, serikali ina mahitaji yake. Lakini usiwe fundi mbovu. Hilo halina Idara ya kukutetea.

Mjomba wako.

*

Kibandani,
18 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima.

Barua yako ya tarehe 30 Julai niliikuta mezani niliporudishwa. Mambo haya Idara imekwisha kuyajua, kwa hiyo nayaandika wazi.

Karatasi zile zilikuwa barua kwako. Niliandika kwamba ningetoroka na kufika kituo cha mpakani tarehe 5 Agosti, upande wetu wa daraja, bila pasipoti. Mtu asiye na pasipoti hupitishwa endapo ndugu yake atafika mwenyewe kumdhamini, au atatuma hati ya dhamana yenye muhuri. Nilikuomba uje. Niliandika mara tatu, karatasi tatu, nikaziweka sehemu tatu, ili usikose kuviona vinundu. Nilijua utalifungua. Sikukumbuka kwamba hata mimi zile ramani sikuzisoma.

Nilikaa kwenye benchi la kituo siku mbili. Ofisa alikuwa mtu mwema. Kila saa aliniuliza, "Ndugu yako yuko njiani?" Nami nikamjibu, "Yuko njiani. Goti lake ndilo linamchelewesha." Siku ya pili akaacha kuuliza, akaniletea chai.

Siku ya tatu nilivushwa daraja kurudi ng'ambo kwa kukosa mdhamini, na huko Kanali Mgongo alikuja mwenyewe kwa gari, amekaa upande upande kwa maumivu, akanirudisha. Aliyoniambia njiani siwezi kuyaandika hapa.

Bwana Kikohozi amefurahi sana. Anasema nilijifanya kutoroka ili adui aniamini. Ameiita mbinu ya hali ya juu, nami nimepandishwa cheo.

Usimwambie Mama kuhusu benchi.

Mpwa wako.

*

Karakanani,
9 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tatu bila kujibu. Si posta iliyochelewa. Ni mimi.

Wewe umesema kweli, nami niseme yangu. Tarehe 19 Aprili, asubuhi, mama yako aliniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemfikia magotini. Nilisimama nikiwa nimeshika pazia, nikamwambia nimesahau, nikalifunga na kulifungua tena ili asikie. Akasema, "Asante, kaka." Nadhani alijua, akaniachia uongo wangu.

Basi nilipokuandikia mwezi wa Mei kwamba hajambo, niliandika uongo kwa herufi nzuri. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Akijua atakimbia, na anayekimbia hujikwaa." Nawe ulikimbia bila kujua, na aliyekukwaza ni mimi. Alisikia sauti yako ndani ya godoro na mimi nikaichoma. Nina miaka sabini na moja, na sijui fundi anafanya nini na kosa lisilofumulika.

Nilimweleza yote, pamoja na benchi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Na majivu uliyatupa?" Nilikuwa nimeyatupa.

Nakutumia mto mdogo wa kiti kwa lori lile la sufi. Nimeushona mwenyewe. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, na nadhani nimeacha kinundu upande wa kushoto. Katika miaka arobaini na mitatu ya kazi hii sijawahi kukiri jambo la namna hiyo. Wewe unanijua. Kitu chenye kinundu hufunguliwa, na kinachotolewa hutazamwa vizuri kabla ya kupelekwa jikoni. Hilo la pili sikukufundisha. Nimelijua juzi.

Bwana wa gundi, ukiisoma hii, ujue kwamba saa yako ya ukutani inachelewa.

Mjomba wako.

*

Kibandani,
25 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii haipiti kwa muuza nyuzi. Inakuja kwa lori la sufi, na wanaojua ni mimi, dereva na Kanali Mgongo.

Habari ya Mama nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Sikulaumu. Na mimi ningezichoma.

Mto ulifika, lakini haukufika kwangu. Lori lilisimamishwa kizuizini, Kanali akauona mto, akauchukua kwa ajili ya mgongo wake. Akaukalia. Akaruka kama aliyekalia msumari. Baadaye aliniita ofisini. Mto ulikuwa mezani, umefumuliwa kwa uangalifu, na kando yake hati yako ya dhamana yenye muhuri, na sahihi yako iliyosimama wima kama wewe.

"Fundi," akasema, "mjomba wako anajaza karatasi ndani ya mito?"

"Mara moja tu katika maisha yake."

"Basi anakupenda." Akaitia hati katika droo, akafunga kwa ufunguo.

Sasa nikuambie aliyonieleza garini mwezi wa Agosti. Nilikiri kwake kwamba mimi ni jasusi, nikitumaini atanifukuza nchini. Akaniambia, "Najua. Mlinzi wa mlangoni anajua. Muuza nyuzi wenu hula kwetu kila Alhamisi."

"Basi nifukuzeni."

"Na mgongo wangu nimpelekee nani?"

Ndivyo ilivyo, Mjomba. Kwetu hawanitoi kwa sababu wananiona mjanja, na huku hawanitoi kwa sababu wanajua kwamba si mjanja, bali ni fundi.

Kanali amenipa sharti. Kamati wamepanga njama mpya. Siku viti vyao vitakapokuwa tayari, watu kumi na wawili watakaa katika chumba kinachoangalia mto wa mpakani kuanzia asubuhi, na ikifika saa sita watabonyeza kitufe kulilipua daraja. Wanahitaji viti kumi na viwili. Nikimaliza cha kumi na mbili na siku hiyo ikapita, Kanali atanipa hati yangu.

Siku ya kwanza nilipiga hesabu. Nikivijaza magunia na kuvipigilia haraka, ningemaliza kwa juma moja na kuwa nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Nilikwisha kulikata gunia la kwanza. Kanali akaingia, akalitazama gunia, akanitazama.

"Hivyo vitakuwa vigumu," akasema.

"Ndiyo, Kanali."

"Mtu akikaa juu yake atakuwa macho saa sita."

"Atakuwa macho."

Akajishika kiuno. "Na daraja jingine la kukurudisha kwenu unalijua?"

Silijui. Hakuna.

"Vitengeneze kama vile vya kwanza," akasema. "Usiharakishe. Mimi sijalala vile tangu nilipokuwa luteni." Akatoka. Sikumwuliza alikuwa na maana gani, na naona hataki aulizwe.

Basi nashona. Springi mara nane, sufi kwa mkono. Kiti kimoja huchukua siku sita, na sufi nzuri haipatikani kila juma. Wakilala, daraja litabaki nami nitavuka. Mmoja wao akipatwa na kikohozi siku hiyo akawaamsha wenzake, sijui itakuwaje. Zaidi ya kushona vizuri hakuna ninachoweza kufanya. Mwambie Mama nimemaliza kiti cha tatu.

Mto wako ninaurudisha. Nimeufunga upya, mshono wote ni wa mkono wangu, na gumba limepona. Yeye atajua. Ndani ni sufi tupu, sikuweka kitu. Tafadhali, Mjomba, usiufungue. Mpe kama ulivyo, apitishe vidole ukingoni.

Mpwa wako.